Tarishi Anayekimbia Asubuhi

Nawaona kila siku mkipita hapa mbele ya nyumba yangu, wasichana kwa wavulana, simu mmezifunga mkononi na nyaya ziko masikioni, mnakimbia kuelekea Kisian. Hakuna anayetoka nje kuuliza kuna nini. Mnapita, na watu wanaendelea kupiga mswaki. Nataka mjue kwamba haikuwa hivyo siku zote. Mimi nilikuwa tarishi wa posta miaka ya themanini na tisini, na kwa sababu ya kukimbia nilikaribia kuanzisha matanga ya mtu aliyekuwa hai.

Kwanza kazi yenyewe, maana wengi wenu hamkuikuta. Telegramu ilikuwa karatasi yenye maneno machache sana, kwa kuwa kila neno lililipiwa. Mtu aliandika kule Nairobi au Mombasa, ikapigwa hadi Kisumu, karani akaitoa na kuitia kwenye bahasha, halafu mimi nikaipeleka kwa baiskeli. Barua ilikuwa ya salamu. Telegramu ilikuwa ya haraka, na mambo ya haraka kwetu hayakuwa mengi. Kwa hivyo watu wakiona shati langu la kaki na mfuko begani, walinyamaza. Siku moja nilipeleka telegramu ya pongezi kule Milimani, kijana wa watu amepita mtihani, na mama mwenye nyumba akajifungia jikoni kwa ufunguo. Ilibidi anipe ruhusa nifungue bahasha, nimsomee kupitia dirishani, na hata baada ya kusikia aliniambia nirudie, kwa maana huenda nilikuwa nimeruka mstari wa kwanza.

Aliyenifundisha ni Mzee Obare, tarishi wa siku nyingi, mkali, asiyecheka kazini. Yeye alikuwa na taratibu zake. Ukikaribia boma, shuka kwenye baiskeli ukiwa bado mbali, wasije wakaona mtu anakuja kwa kasi. Futa jasho. Ingia ukitembea. Usimpe telegramu mtu aliye peke yake, ulizia jirani kwanza. Ukiulizwa kuna nini, sema hakuna kitu, umekuja tu kuwasalimia. Kaa kwenye kiti, kubali maji. Mwenyewe akishakaa na mwenzake yuko karibu, ndipo utoe bahasha na daftari la sahihi. Sasa, kila mtu upande huu wa ziwa alikuwa ameujua utaratibu huo, kwa hivyo tarishi akisema hakuna kitu, watu walijua kiko. Mzee Obare alilifahamu hilo pia. Alisema dakika zile mbili za uongo zinampa mtu nafasi ya kukaa chini.

"Na ingine," aliniambia, "telegram hailali kwako. Imefika saa kumi na moja jioni, unapeleka saa kumi na moja jioni. Mvua inanyesha, wewe nyeshewa tu. Si wewe Mungu wa kusema nani alale."

Nikaitikia ndiyo Mzee, kama mnavyoitikia nyinyi mkitaka mtu amalize.

Mbio nilikuwa nazo tangu shuleni. Nilishuka kutoka Maragoli nikaajiriwa posta, na kwa miaka michache nilikimbia mita elfu tano katika timu ya ofisi. Sikuwa wa kutisha. Nilikuwa yule anayemaliza wa sita, akasifiwa kwa kujitahidi. Halafu goti likavimba, nikaoa, nikahamishiwa dirisha la vifurushi ambako kazi ni kukaa, na kwa miaka minane sikukimbia hata mvua. Suruali za kaki nilibadilishiwa mara mbili kwa ajili ya kiuno. Nilipokaribia arobaini, matarishi wakawa wachache, nikarudishwa kwenye baiskeli.

Mwezi uleule nilipewa telegramu ya mwalimu mmoja aliyekaa juu kule Riat. Kilima kile zamani nilikuwa nakipanda nikipiga mluzi. Sasa nilisukuma baiskeli, nikapumzika mara tatu, nikatapika kidogo kando ya njia. Mwalimu alisoma, akatazama saa yake. Mama yake alikuwa mahututi Kakamega, na gari la mwisho lilikuwa limepita muda si mrefu. Alisafiri kesho yake, akakuta wameshamfunika. Tulipokutana baadaye alinipa mkono akanishukuru kwa kazi. Laiti angenitukana. Jioni hiyo nilimwambia mama watoto kwamba kuanzia Jumatatu nakimbia tena. Akatazama tumbo langu akacheka, kisha akaona mimi sicheki.

Kurudi mbioni ukiwa mtu mzima si kama kuanza. Anayeanza hajui anachokosa, anayerudi anakumbuka. Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbia ule mwendo wa ujana. Siku ya pili nilishuka ngazi za posta kinyumenyume, nimeshika ukuta, wateja wakinitazama. Basi sikilizeni, huu ndio ujuzi nilionao: msipime kwa saa, pimeni kwa nguzo. Barabara ya Busia ilikuwa na nguzo za simu zimejipanga vizuri. Nilikimbia nguzo tatu, nikatembea moja. Wiki ya pili nikakimbia nne. Kichomi kikikushika, toa pumzi kwa nguvu mguu wa kushoto unapokanyaga, usishike mbavu kama mtu aliyechomwa kisu. Uji mzito kunyweni mkirudi.

Kosa la pili ndilo lililoleta haya yote. Sikutaka kuharibu shati zuri kwa jasho, nikawa nakimbia na shati kuukuu la kazi.

Nilipofikisha mwezi na nusu, nilijaribu kufika Kisian kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimepanga chumba Obunga, na kabla hujafika Kisian kulikuwa na boma la mjane mmoja, Mama Perpetua, kando kabisa ya barabara. Nilimfahamu. Miaka mingi nyuma, kabla sijahamishiwa vifurushi, mimi ndiye niliyempelekea telegramu ya kifo cha mume wake. Na wote pale walijua kwamba mtoto wake Ochieng', aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Miaka ile ulikuwepo ugonjwa ambao watu hawakuutaja jina, na mfuko wangu ulikuwa unajaa.

Kamba ya kiatu changu cha raba ilifunguka mbele ya lango lake. Nikainama kuifunga, mkono mmoja nimeegemea nguzo ya lango, nahema. Nilipoinua uso, alikuwa amesimama mbele yangu na ungo wa omena, vile vidagaa vya ziwani, anatazama shati la kaki. Ungo ukainama, omena zikamwagika miguuni pake.

"Ochieng'?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Hakuna kitu. Nilikuwa tu napita kuwasalimia."

Nikajisikia mwenyewe nilichosema. Yalikuwa maneno yaleyale ya kazi. Mama Perpetua akapiga nduru, ile sauti ya juu ambayo Wajaluo hutangazia kifo, na kabla sijapata la kusema watu walikuwa wanakuja kutoka pande zote. Wanawake mikono kichwani, wanaume na viti. Nikapaza sauti kwamba sina telegramu. Mzee jirani, mtu mpole sana, akanishika bega.

"Bwana Posta, kazi yako tunajua. Wewe kaa. Kunywa maji kwanza, halafu utasema."

"Mzee, nafanya mazoezi. Mazoezi ya mbio."

"Mazoezi ya nini? Wewe ni mtu mzima, uko na watoto. Ni nani anakufukuza?"

Nikageuza mifuko ya kaptura nje. Nikawaonyesha begani hakuna mfuko. Nikavua na raba, wakaona soksi zenye matundu vidole vikichungulia, na hapo mwanamke mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata, wakaanza kurudi makwao wakinitania. Mama Perpetua hakucheka. Alibaki ameketi chini, mkono kifuani, anapumua kwa shida kuliko mimi niliyekimbia.

Niliamua kuacha mbio siku ileile. Jioni nilimrudia kwa miguu, nimevaa shati la kanisani, nimebeba kilo mbili za sukari, kuomba radhi. Sukari aliipokea. Radhi aliiacha ipite.

"Wewe utakimbia," aliniambia. "Kila asubuhi. Lakini si na hiyo shati ya posta, vaa ingine. Ukifika hapa uniite, useme Oyawore, ile salamu yetu ya asubuhi. Nikikusikia unakimbia nitajua hakuna kitu, nitafanya kazi yangu. Siku iko kitu, usikimbie. Kuja na baiskeli pole pole, vile ulikuja ile ya mzee wangu."

"Na Jumapili, Mama?"

"Jumapili niko kanisa. Huko niko na watu."

Nikakubali kwa haraka, kama mtu anayelipa faini. Sikujua nimekubali nini. Kuanzia hapo sikuwa nakimbia kwa ajili ya kilima cha Riat tena. Nilipita pale siku sita kwa wiki, nikaita Oyawore, naye akaitikia kutoka ndani au kutoka kwenye omena zake, nikageuka Kisian nikarudi. Malaria iliponilaza siku tatu, ya nne nilimkuta amekaa langoni, macho mekundu. Hakuwa amekula vizuri. "Nilikuwa nasikiliza barabara," alisema. Tangu siku ile nilikimbia na mafua, nilikimbia na goti limefungwa bandeji, nilikimbia tumbo likiniuma. Makocha nimewaona, lakini hakuna aliyenifanyisha mazoezi kama yule mama.

Na mwili ukakubali. Nguzo za kutembea zikaisha. Suruali zikarudishwa kwa fundi kupunguzwa kiuno. Lakini moyoni hofu ilikuwa inakua kadiri miguu inavyokuwa myepesi. Kila telegramu ilipoingia ofisini nilitazama mikono ya Rosebella, karani wetu, kabla ya kutazama bahasha. Rosebella alikuwa na mdomo. "Elisha," angesema, "umekonda mpaka umebaki masikio." Akinitania hivyo nilijua ni mambo ya kawaida, na nilishukuru Mungu kwa ajili ya masikio yangu.

Miezi minane ilipita hivyo. Ndipo zikatangazwa mbio za barabarani za wafanyakazi wa ofisi za mjini. Zingeanzia mbele ya Kisian, kilomita tatu hivi upande wa Busia, na kumalizikia uwanjani mjini. Maana yake zingepita langoni kwa Mama Perpetua. Nilimwambia, akafurahi kama mbio ni za kwao. Akasema ataweka beseni la maji na vikombe, na atawaita wanawake wa kanisa. Nilikuwa na umri wa kuitwa mzee na timu, lakini kwa mazoezi yale nilijua naweza kuingia watano wa kwanza. Nilitaka hilo kuliko ninavyoweza kuwaeleza.

Ijumaa, siku moja kabla ya mbio, saa kumi na nusu jioni, Rosebella aliniita dirishani. Hakusema neno juu ya masikio. Aliweka bahasha mezani, uso wa anwani chini.

"Ni ya karibu na Kisian," alisema, akaendelea kupanga stempu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Niliitia mfukoni, nikachukua baiskeli, nikaondoka. Nikafika Obunga, nikasimama kwangu ninywe maji. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikaa kitandani na mfuko magotini nikaanza kujipangia hoja. Kwamba Mama Perpetua ameingoja siku ya kesho kwa furaha. Kwamba mgonjwa aliyekwenda amekwenda, hatarudi kwa mimi kukanyaga pedali jioni hii. Kwamba nikimwacha alale usiku mmoja zaidi nitakuwa nimemfanyia wema, na kesho mbio zikiisha nitaenda na baiskeli, pole pole, kama alivyotaka. Niliiita huruma, na huruma ilikuwemo, siwezi kukana. Lakini, vijana, kulikuwa na kingine. Nilijua nikipeleka bahasha ile jioni ile, kesho sitakuwa na miguu ya kukimbia. Miezi minane yangu ingeishia kwenye kiti cha matanga. Nikaiweka juu ya kabati chini ya sahani za wageni, na mama watoto aliponiuliza mbona sili, nikasema ni wasiwasi wa mbio.

Asubuhi sikuweza kuiacha nyumbani. Niliifunga kwenye karatasi ya plastiki, nikaitia mfuko wa nyuma wa kaptura.

Tulikuwa watu arobaini hivi, askari, wauguzi, walimu, makarani. Bunduki ilipolia nilikaa nyuma kidogo kama nilivyojifunza, nikaacha wenye papara watangulie, na tulipopita Kisian nilikuwa wa saba na pumzi imetulia. Goti halikusema kitu. Plastiki ilikuwa inachakarika nyuma kila hatua, na nilikuwa naisikia kuliko miguu ya wenzangu.

Mama Perpetua alikuwa langoni. Alifunga kitambaa cheupe cha kanisani. Beseni lilikuwa mezani, vikombe vimepangwa, wanawake kama kumi wamejipanga kando yake. Aliponiona alianza kupiga makofi na kuwageukia wenzake.

"Mumeona? Bwana Posta anakimbia. Si niliwaambia? Anakimbia."

Na mimi nikamwita, "Oyawore!" Lilinitoka lenyewe, kwa mazoea ya miezi minane. Akaitikia akicheka, kikombe ameinua juu, nikampita.

Nilifika nguzo ya kwanza. Nikafika ya pili. Nilikuwa nimempita mtu mmoja, sasa ni wa sita. Kwenye nguzo ya tatu miguu ilikuwa bado na nguvu, hilo nawaambia ili msidhani nilichoka. Kwenye ya nne nikasimama.

Wenzangu walinipita, mmoja akanipiga kikumbo na kunitukana. Niligeuka nikaanza kurudi nikitembea kando ya barabara, wakimbiaji wakija mbele yangu. Watu walidhani ni msuli. "Mpeni maji," mwanamke mmoja alisema, akanijia na kikombe. Lakini Mama Perpetua alikuwa ameniona natembea. Makofi yakakoma. Aliweka kikombe chake mezani taratibu, akamwomba yule mzee jirani kiti, akakaa mwenyewe kabla sijafika.

Nilimpa bahasha kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa limepita ndani ya plastiki. Alimpa mzee jirani aisome. Ochieng' alikuwa amefariki Ijumaa asubuhi, na mwili ungefika Jumanne.

Hakupiga nduru. Alinitazama.

"Hii imefika lini?"

Ningeweza kusema leo. Posta ilifunguliwa Jumamosi asubuhi, na hakuna ambaye angechunguza.

"Jana jioni, Mama."

Wakimbiaji wa mwisho wakapita nyuma yangu.

"Jana nimepika samaki," alisema. "Nimeimba nikipika. Leo nimevaa kitambaa yangu nzuri nikapigia watu makofi, na mtoto yangu iko mortuary, hakuna mtu amemlilia. Na wewe umenisalimia, Elisha. Umenisalimia unakimbia."

Hakuwahi kuniita jina langu kabla ya hapo. Kisha akapiga nduru, na mara hii walipokuja mbio kutoka pande zote hakukuwa na kosa la kuwaeleza.

Jumatatu nilimweleza mkubwa wangu mwenyewe, nikapewa barua ya onyo, nikaitia sahihi. Mzee Obare, aliyekuwa amestaafu, alipata habari, na tulipokutana njiani alinipita bila kunisalimia. Mazishi nilikwenda, nikakaa nyuma kabisa na watu wa mbali. Raba nilizifunga kwenye gunia. Mama watoto hakuniuliza. Miezi mitatu sikukimbia, na tumbo likaanza kurudi, na sikujali.

Siku moja yule mzee jirani alikuja posta kununua stempu, nami nilikuwa nimesimama dirishani nikingoja telegramu. Alipouziwa alizilamba mojamoja, akazibandika, kisha akaniambia bila kuinua macho.

"Mama Perpetua anauliza kama wewe ni mgonjwa."

"Si mgonjwa, Mzee."

"Anasema asubuhi haskii mtu."

"Mwambie nimeacha. Mwambie nina aibu."

"Aibu ni yako, kaa nayo," alisema. "Lakini yeye iko na watoto wengine wawili Nairobi. Na mmoja, yule msichana, ameanza kukohoa. Anasema upite."

Asubuhi iliyofuata nilifungua gunia. Nilikimbia nguzo tatu, nikatembea moja, kama mgeni. Nilipofika langoni alikuwa amesimama, amejifunga khanga, ungo chini. Nilipunguza mwendo, sikuita Oyawore. Hakunisalimia. Alitazama mikono yangu miwili, akanizunguka nyuma akatazama mfuko wa kaptura, kisha akanionyesha barabara kwa kidevu, niendelee.